Choo Kinatapishwa, Mtoto Anatapika

Kamusi iliyo mezani kwangu inasema kutapisha ni kumfanya mtu atapike. Haisemi lolote kuhusu vyoo. Lakini fika Tandale, Manzese au Vingunguti mwezi wa Aprili, masika yamekolea, umsikie mama akimwambia jirani yake asubuhi, "Jana usiku wametapisha." Hakuna atakayeuliza nani alikunywa sumu. Watu watatazama miguu yao, kisha mtaro, kisha watawaita watoto ndani.

Kutapisha ni hivi. Vyoo vingi vya mabondeni Dar es Salaam ni vya shimo, na shimo lenyewe limeinuliwa juu ya ardhi kwa matofali au matairi. Unapanda ngazi mbili tatu kuingia, kwa sababu ukichimba kidogo tu unakutana na maji. Siku shimo linapojaa, gari la kunyonya maji taka haliwezi kufika: kichochoro kina upana wa mtu na ndoo yake. Na hata lingefika, bei ya safari moja inagombana na kodi ya chumba. Wako vijana wanaoitwa vyura, wanaoshuka shimoni kwa miguu yao baada ya kumwaga mafuta ya taa ili harufu ipungue, wakachota kwa ndoo na kufukia kwenye shimo la pembeni. Lakini chura naye anadai ujira wake, na hiyo pembeni ya kuchimba shimo la pili mara nyingi ni ukuta wa jirani. Basi mwenye nyumba anangoja mvua. Ikija ile ya kupiga bati mpaka redio haisikiki, mtu anatoka na nondo, anazibua tundu ubavuni mwa shimo, na kilichomo kinashuka pamoja na maji ya mvua kuelekea mtaroni, na kutoka mtaroni kuelekea bondeni, kikipita vizingitini mwa watu.

Asubuhi choo ni chepesi. Nyumba za chini zinafagia.

Nalipenda neno hili, ingawa kulipenda kwenyewe kunauma. Lina kile kimalizio cha kusababisha, -sha, ambacho hakikai bila mtu. Choo chaweza kujaa chenyewe, na ukitaka kusema kwa huruma waweza kudai kimetapika chenyewe. Kikitapishwa, pana mkono, pana nondo na pana saa iliyochaguliwa. Na mzizi ni uleule. Siku mbili tatu baadaye, ikiwa vimelea vya kipindupindu vilikuwamo katika kile kilichoshuka, mtoto wa nyumba ya chini atatapika. Watu wa mtaa wameyaweka mambo mawili katika kitenzi kimoja, na mwenye masikio anaweza kufuata njia kutoka tundu la ukutani hadi kitanda cha mgonjwa bila kuonyeshwa ramani. Ripoti niliyowahi kuitafsiri kuhusu jambo hilohilo ilisema "uchafuzi wa vyanzo vya maji wakati wa matukio ya mafuriko". Niliitazama sentensi ile kwa muda mrefu. Nomino zimepangana kama matofali, na hakuna aliyefanya kitu.

Kipindupindu nalo ni jina la watu waliotazama. Pindua, pindupindu: mzizi umerudiwa kwa kuwa mateso yenyewe yanarudi na kurudi, mpaka mtu aliyekuwa amesimama mchana analala jioni akiwa amekauka. James Christie, tabibu aliyekuwa Zanzibar wakati wa mlipuko mkubwa wa 1869 na 1870, alichapisha kitabu mwaka 1876 akifuatilia njia za ugonjwa huo katika Afrika Mashariki, na njia alizoziona zilikuwa njia za biashara na za misafara. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulishika kwanza Manispaa ya Kinondoni, ambayo wakati huo ilikuwa na Tandale na Manzese ndani yake. Hadi katikati ya mwaka uliofuata, waliougua nchini walikuwa wamepita 20,000.

Kazi yangu ya kila siku ni kutafsiri na kuhariri maandishi ya afya: vipeperushi, miongozo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, muhtasari wa tafiti. Istilahi zinazonikalia kooni ni mbili hasa, na zote zinahusu mitaa kama hii. Ya kwanza ni mzigo wa maradhi.

Istilahi hiyo ilienea duniani baada ya ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993 iliyohusu kuwekeza katika afya. Katika lugha ilikotoka, mzigo umelala juu ya kitu kikubwa kisicho na shingo: taifa, uchumi, mfumo. Kwa Kiswahili haukubali kulala hivyo. Mzigo kwetu una kichwa cha mtu chini yake na ngata katikati. Una vitenzi vyake pia. Anayekusaidia kuupandisha kichwani anakutwika. Anayekusaidia kuushusha anakutua. Huwezi kuzungumzia mzigo kwa Kiswahili kizuri bila kumwona aliyeubeba, na ukisema mtu ametwishwa mzigo, msikilizaji anangoja kusikia nani kamtwisha. Wanasiasa wetu wanajua nguvu ya jambo hili. Kaulimbiu ya kumtua mama ndoo kichwani imebeba kampeni za maji Tanzania kwa miaka sasa, na imeshika kwa sababu kila aliyeisikia alimwona mama yake.

Na tunao mtaa mzima uliopewa jina kwa ajili ya wabeba mizigo. Kariakoo ni ulimi wa watu wa hapa ukitamka jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokuwa na kambi mahali pale. Nairobi wanayo Kariokor, jina lilelile. Wapagazi wale walikufa kwa makumi elfu, na walio wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, wakila chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea, wakilala kwenye mvua, wakiwa na shehena ya jeshi vichwani. Kila ninapoandika "mzigo wa maradhi" nawakumbuka hao. Maradhi yao yalitokana na mzigo, na mzigo haukuwa wao. Mtaa wenye soko kubwa kuliko yote Dar es Salaam unaitaja habari hiyo kila siku, na daladala hupiga kelele jina lao kutafuta abiria.

Mzigo wa maradhi una kipimo chake. Wataalamu walitaka namna moja ya kulinganisha ugonjwa unaoua upesi na ule unaomlemaza mtu taratibu, wakajumlisha miaka inayopotea mtu akifa kabla ya wakati wake na miaka anayoishi akiwa mgonjwa au na ulemavu. Kipimo kimoja ni mwaka mmoja wa afya kamili uliotoweka. Tafsiri inayozunguka maofisini ni "miaka ya maisha iliyorekebishwa kwa ulemavu". Nimewahi kuisoma kwa sauti mbele ya wauguzi, watu wanaoijua kazi yao kuliko ninavyoijua mimi yangu, nikaona macho yao yakihamia dirishani. Kurekebisha ni kutengeneza kilichoharibika. Sasa ulemavu unarekebisha nini?

Wakati huohuo lugha ilikuwa imetuwekea neno kabatini. Mzima ni asiyeugua. Mzima ni aliye hai. Na mzima ni kile kisichopungua: mkate mzima, chungu kizima, usiku mzima. Sema kwamba mtaa huu umepoteza miaka mizima elfu kadhaa, na mwenye Kiswahili atasikia mawili kwa pamoja, urefu wa muda na hali ya aliyestahili kuuishi. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 1948, inataka afya ieleweke kuwa ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Watu wanaosalimiana "U mzima?" wamekuwa wakiulizana hivyo siku zote. Afya ni neno zuri la Kiarabu na ninalitumia, ila nimeanza kuandika miaka ya uzima iliyopotea, na hakuna mhudumu aliyeniuliza maana yake.

Mwaka 2000 watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya kilichoko Nairobi, walipita katika mitaa duni ya jiji hilo nyumba kwa nyumba. Kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa huko, 151 hawakufikisha miaka mitano. Kwa Nairobi yote kwa jumla walikuwa 62. Vijijini Kenya walikuwa 113. Idadi hizo zimeshuka tangu wakati ule, lakini mpangilio wake ndio unaonishika: mama aliyetoka kijijini akiamini amesogea karibu na hospitali alikuwa amemsogeza mtoto wake karibu na kifo. Wengi wa watoto hao walichukuliwa na kuhara na kichomi. Kichomi, kutoka choma, ndiyo nimonia kwa jina la yule anayeisikia ubavuni. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye jiko la mkaa, kitanda, pazia na watu watano, mtoto anapumua kilichopumuliwa na wengine wote, na moshi juu yake.

Nimesema "mitaa duni" na tayari nimejikwaa. Hakuna jina la makazi haya ambalo halijamhukumu mtu.

Kenya, magazeti na redio husema mitaa ya mabanda. Banda ni la kuku, la ng'ombe, la kuwekea mbao. Anayelala humo amepewa jina la makao ya mifugo, na msomaji wa taarifa ya habari halitambui kosa kwa kuwa amelizoea. Vitongoji duni: duni ni chini, hafifu, na sifa hiyo haikomi kwenye ukuta, inamfuata mwenyeji mpaka kwenye maombi ya kazi. Tanzania tuna makazi holela. Hili ndilo linalonikera kuliko yote. Holela ni ovyo, bila mpango, mtu kujifanyia atakavyo. Neno linamnyooshea kidole aliyejenga. Halisemi kwamba alijenga hivyo kwa sababu viwanja vilivyopimwa vilikuwa vichache na ghali, mji ukikua maradufu na maradufu tena, hadi ikawa makadirio ya kawaida kwamba watu saba kati ya kila kumi wa Dar es Salaam, au zaidi, wanaishi katika makazi ya namna hiyo. Ikiwa saba kati ya kumi ndio waliojenga holela, basi kilicho holela ni mji.

Wataalamu wenye adabu wanasema makazi yasiyopangwa, na hapo angalau sarufi inafanya haki. Yasiyopangwa ni hali ya kutendwa. Inaacha kiti kitupu mbele ya kitenzi, na msomaji anaweza kuuliza nani alipaswa kukaa pale. Tena kupanga kwa Kiswahili ni vitu viwili. Ni kuweka mipango, na ni kukodi chumba. Anayepanga mji na anayepanga chumba wanatoka katika kitenzi kimoja, na yule wa pili ndiye anayeitwa mpangaji kila siku. Mtaa usiopangwa umejaa wapangaji. Nairobi, katika mitaa hii karibu kila mtu ni mpangaji, analipa kodi kila mwezi kwa mwenye nyumba anayeishi kwingine, na hana sauti juu ya choo wala bomba wala bati linalovuja. Sijui lugha nyingine iliyoyaweka maneno hayo mawili karibu hivi. Anayelipia mpango usiokuwepo ndiye anayeitwa mpangaji.

Wenyeji wenyewe wanasema mtaani, au nyumbani, au wanataja kijiji. Kibera ni kibra, msitu kwa Kinubi, jina walilolileta askari wenye asili ya Sudan waliopewa ardhi ile baada ya kulitumikia jeshi la Waingereza, na ndani yake mna vijiji: Makina, Lindi, Silanga, Mashimoni, Kisumu Ndogo, Laini Saba. Shirikisho la wakazi lililoundwa 1996 kupinga ubomoaji linaitwa Muungano wa Wanavijiji. Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani ni la wakulima. Baadaye nililielewa: kijiji kina wazee, kina mipaka inayojulikana, kina watu wanaozikana. Wale waliokuwa wakirudia kwamba Kibera ina watu milioni moja hawakuwa wamehesabu vijiji. Sensa ya 2009 ilihesabu, ikapata 170,070. Wapo waliosema idadi imepunguzwa mno. Ninachojua ni kwamba namba kubwa ya kutisha ilikuwa na kazi yake katika vitini vya wafadhili, kama vile holela lina kazi yake katika amri za kubomoa.

Na uswahilini? Neno hili, jina jingine la mitaa hii, lina historia ya kuhuzunisha. Uzunguni, uhindini, uswahilini: miji ya ukoloni iligawanywa hivyo. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891 zilianza kuugawa mji wa Dar es Salaam kwa aina za nyumba, na Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo. Mnazi Mmoja, tunapopaona kama uwanja wa wazi tu, palikuwa ukanda wa kuutenga mji wa Waafrika na sehemu nyingine za mji, na hoja iliyotolewa ilikuwa afya. Nairobi, tauni ilipoingia mwaka 1902, soko la Wahindi lilichomwa moto, na mwaka 1913 daktari Simpson alialikwa kutoka Uingereza akapendekeza watu watengwe kwa rangi, kwa jina la usafi. Mabomba na mifereji ilifuata mistari hiyo. Mistari imefutwa kwenye sheria, lakini bomba lililozikwa ardhini haling'oki kwa kufuta sheria.

Afya iliwafikia watu hawa kama hoja ya kuwatenga, na ndiyo maana katika mitaa hii afya imekuwa mtu. Bwana Afya. Yule ofisa mwenye daftari la risiti anayepita kukagua majaa, vyoo na masufuria ya mama lishe. "Afya wanakuja!" ni onyo, na linapopigwa, sufuria zinafunikwa na benchi zinaingizwa ndani. Wengi wa maofisa hao ni watu wema wanaofanya kazi ngumu kwa posho ndogo, na nimetembea nao juani. Lakini sikiliza ni nini kimetokea kwa neno. Kile ambacho katiba ya Shirika la Afya Duniani inakiita haki ya kila mtu, kichochoroni kimekuwa kitu kinachokuja na faini.

Sitaki kusema kila neno la serikali limekosea njia. Kibuyu chirizi ni mfano wa lililofanikiwa: chombo cha kunawia kinachoning'inizwa kwenye mti na kuinamishwa kwa kamba ya mguu, maji yakatoka membamba. Chirizi unaliona likitiririka. Kampeni ya Nyumba ni Choo nayo ilijua inasema na nani. Shida huja pale istilahi inapobuniwa mezani, ikatumwa mtaani kama barua.

Kuna moja iliyosafiri kinyume. Zamani watu wa pwani walikuwa na kidingapopo, homa inayomkaza mtu viungo na kumvunja mifupa. Christie huyohuyo aliiandika habari yake Zanzibar, ikiwamo ile ya 1870, na wapo wanaodhani kwamba jina dengue, lililozunguka dunia kupitia visiwa vya Karibi, lilianza na dinga hilo la kwetu. Kama ni kweli, neno liliondoka na jahazi na limerudi na ndege. Leo zahanatini Dar es Salaam utaambiwa una dengue, jina geni, na mzee aliyesema kidingapopo ataonekana hajasoma. Chikungunya nayo ni ya nyumbani: Kimakonde, kutoka mlipuko wa 1952 na 1953 kwenye uwanda wa Makonde, na maana yake ni kile kinachomkunja mtu. Mbu anayeeneza homa hizi mbili huzaa kwenye maji safi yaliyotuama, kwenye ndoo, dumu, pipa, tairi. Na kwa nini nyumba ya Mburahati ina mapipa matatu ya maji uani? Kwa sababu ya mgao. Bomba linatoa siku mbili kwa wiki, au halipo kabisa na maji yananunuliwa kwa ndoo kwa bei ambayo mwenye bomba la kudumu katika mtaa wa kitajiri wa Masaki hajawahi kuilipa kwa kiasi kilekile. Kipeperushi cha wakati wa dengue kilisema: ondoa maji yaliyotuama. Nilikihariri mimi. Sentensi ilikuwa sahihi kisarufi.

Hapo ndipo ninapofikia istilahi yangu ya pili, ile inayotafsiriwa kwa namna nyingi: vibainishi vya kijamii vya afya, vigezo, visababishi, viamuzi. Tume ya Shirika la Afya Duniani iliyoongozwa na Michael Marmot kuanzia 2005 ilitoa ripoti yake 2008, na ujumbe wake ulikuwa mzito: hali ambamo watu wanazaliwa, wanakua, wanafanya kazi na kuzeeka ndiyo inayowaua mapema, na hali hiyo inatokana na mgawanyo wa fedha, madaraka na rasilimali. Mfano wake mmoja ulitoka Glasgow, ambako mwanamume wa mtaa wa Calton alitarajiwa kuishi miaka 54 na wa Lenzie, kilomita chache tu pembeni, 82. Hakuna mabanda huko.

Sasa weka ujumbe huo katika "vibainishi vya kijamii". Kubainisha ni kudhihirisha, kuonyesha. Umasikini hauonyeshi ugonjwa, unauleta. Na "kijamii" ndilo lililoniharibia kazi kwa miaka. Katika Kiswahili cha ofisi, jamii ni yule anayetakiwa kubadilika. Jamii ielimishwe. Jamii iache mila potofu. Jamii yatakiwa kuzingatia usafi. Fungua gazeti lolote. Kwa hiyo mhudumu akisoma "vibainishi vya kijamii" anasikia tabia za watu, desturi zao, ujinga wao, kinyume kabisa na alichokusudia Marmot, aliyekuwa anazungumzia kodi ya nyumba, mshahara, bomba na sheria. Ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010 ilifanya vizuri zaidi bila istilahi yoyote: iliweka afya, makazi, usafi, chakula na maji safi katika ibara moja, bega kwa bega, kama haki.

Mimi nilichagua viamuzi. Nilijiona nimepata. Kuamua ni kukata shauri, na pia ni kuingia kati ya wanaogombana. Mwamuzi ana mamlaka. Nilikwenda na neno hilo kwenye semina ya wahudumu wa afya Dar es Salaam, katika darasa la shule ya msingi wakati wa likizo, madawati mafupi, watu wazima wamekaa upande. Mbele kabisa alikuwa mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo tangu mimi niko sekondari, kitenge kimepita begani, kaunta buku mapajani. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, nikaandika ubaoni: viamuzi vya kijamii vya afya.

Alilisoma polepole, akauliza, "Ndiyo nani hao?"

Nikamweleza kwamba si watu. Kama wangekuwa watu wangekuwa waamuzi. Hivi ni vitu, ngeli ya ki na vi: maji, nyumba, kipato.

"Vitu haviamui, mwanangu," akasema.

Darasa lilikaa kimya. Nilitaka kujibu kwamba ni lugha ya kitaalamu, na jibu likanishinda, kwa kuwa hoja yake ilikuwa ya sarufi na ilikuwa sahihi. Nikamuomba aseme yeye angeandikaje.

Akafungua kaunta buku. Humo kila mgonjwa alikuwa na ukurasa, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu, mistari imejaa mpaka pembeni. Akachagua mmoja, akafunika jina la mtoto kwa kiganja, akaanza kusoma nami nikiandika ubaoni. Mvua ya Jumanne usiku. Nyumba ya juu walitapisha. Mama yake alikuwa zamu ya usiku kiwandani, mtoto alilala kwa jirani, sakafuni, maji yakaingia. Jumatano maji ya bomba hayakutoka, wakanunua ndoo mbili, moja ya kupikia na moja ya kunywa, hakukuwa na mkaa wa kuchemsha. Alhamisi alfajiri akaanza kuharisha na kutapika. Bajaji ilikataa kuingia kichochoroni, wakambeba kwa kanga mpaka barabarani. Alipona. Choo kiliombewa kunyonywa tangu Januari. Wapangaji walichanga nusu, mwenye nyumba akasema nusu iliyobaki ataitoa, na gari likaja likasema haliwezi kupita.

Ubao ulikuwa umejaa. Kule juu, viamuzi vyangu vilikuwa vimebanwa kwenye kona.

Tuligawa fomu mpya niliyoitafsiri, ile yenye nafasi ya umri, jinsi, dalili, chanzo cha maji, aina ya choo. Aliipitia yote kwa kidole, mstari kwa mstari, akafika mwisho akaigeuza nyuma. Nyuma palikuwa peupe.

"Aliyezibua naandika wapi?" akauliza. "Na mwenye nyumba? Na huyo aliyepima njia ikawa nyembamba hivi?"

Nilichukua fomu yake na rula ya mwanafunzi iliyosahaulika dawatini, nikapiga mistari mitatu kwenye ule upande mweupe. Wenzake wakaanza kuleta za kwao.